Seti Mkononi

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako karata ni jina jingine la uvivu. Sikulaumu. Hata hivyo, nakuomba unisikilize habari za karata moja tu, ambayo ilinifunza kuishi na mke wangu.

Mchezo wetu ni wahedi wa sitini. Jina hilo ni la Kiarabu, maana yake sitini na moja, nazo ndizo alama za ushindi. Turufu, kopa, shupaza na uru ni maneno tuliyoachiwa na Wareno waliofika pwani yetu mwaka 1498. Kwetu hucheza watu wanne, wawili kwa wawili, kila mtu akielekeana na mwenziwe. Nane, tisa na kumi hutolewa, zikabaki karata 40. Ree ina alama 11, seti, yaani saba, ina 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, na wa pili 2. Jumla ni 120.

Itazame seti. Ni saba tu, haina taji wala sura ya mtu, lakini humla mfalme. Ree na seti zote nane pamoja zina alama 84, na wazungu wote kumi na wawili wana 36 tu. Hiyo ndiyo nguvu yake. Udhaifu wake ni kwamba ree huila, na hata mbili ya turufu, karata isiyo na alama yoyote, huikata. Mwenye seti hawezi kuitoa peke yake kwa amani. Salama yake ni kumtilia mwenzake anayekula, tena mapema, kabla wapinzani hawajaishiwa na karata za aina ile.

Mwaka 1986, hapa Dodoma, tulikuwa barazani mimi na Mama Neema, tukicheza na jirani na mkewe. Umeme ulikuwa umekatika, upepo ukipeperusha vumbi, nasi tukicheza kwa mwanga wa kandili bila kuwekeana hata senti. Mama Neema alifungua kwa ree ya kopa. Mkononi nilikuwa na seti na nne ya kopa. Nikatoa nne. Seti nikaificha, nikitamani nimle nayo mzungu wa nne baadaye. Kopa ilipochezwa tena niliitoa kwa majivuno. Jirani alikuwa hana kopa, akaikata kwa mbili ya turufu. Tulipohesabu, wao walipata 63, sisi 57. Ningaliitia kwenye ile ree, tungalikuwa na 67.

Mama Neema alizikusanya karata taratibu. “Baba Neema,” akasema, “hata karata unanificha?”

Wale jirani walicheka. Mimi sikuweza. Sandukuni mwangu, chini ya nguo, nilikuwa na fedha nilizoweka kwa miaka miwili ili ninunue mabati. Sikumwambia, kwa kuwa nilitaka siku moja nimshangaze. Miaka ile miwili yeye alikopa sukari dukani, akauza kitenge chake kipya, akaniambia amekipoteza. Nilijua, nikanyamaza. Na mwaka ule ule shilingi yetu ilishushwa thamani kwa kiwango kikubwa. Bei zikapanda, na fedha zangu zikakatwa humo humo sandukuni, kama seti ile.

Asubuhi nilizitoa, nikaziweka mbele yake. Hakunigombeza. Alizihesabu mara mbili, akachukua kalamu, akaandika kwanza deni la dukani. Zilizosalia zilinunua mabati ya upande mmoja tu wa paa, na ule wa pili ukabaki na tembe mpaka tulipojaliwa. Tangu mwezi ule mshahara wangu ulihesabiwa mezani, sote wawili tukitazama.

Sisemi kwamba mtu asiweke akiba, kwani asiyeweka hana cha kumtilia mwenzake. Nasema kwamba akiba iliyofichwa kwa mwenzako ni seti isiyo na ree. Ndugu msomaji, wewe unayo ipi mkononi usiku huu, na je, aliyeketi mkabala nawe anajua?