Bei Ipangwe Gari Likiwa Zima

Ndugu zangu wa nyumbani,

Huku Leicester, Uingereza, baridi imeanza kuuma na asubuhi betri za magari ya zamani zinagoma mtaa mzima. Ila leo siwaandikii habari za baridi. Nina hasira, na kwa kuwa hasira yenyewe inatokana na mapenzi, nivumilieni.

Juzi jioni mdogo wangu alikwama na gari baada ya Doma, unapokaribia kuingia hifadhi ya Mikumi. Ndani alikuwamo mama mkubwa na watoto. Gari lilichemsha, rejeta ikamwaga maji yote, na kama ilivyo desturi yetu, kila abiria akageuka fundi. Mmoja alisema thermostati, mwingine gasketi, mama mkubwa akasema wameondoka nyumbani bila dua. Brekidauni ya Morogoro ilipopigiwa simu saa kumi na mbili jioni ilitaja bei yake. Saa mbili usiku, baada ya mwenyewe kusikia kuwa ndani kuna mama mzee na watoto, na kwamba wanyama wanavuka barabara eneo lile, bei ikawa nyingine kabisa. Nikatuma pesa kwa simu. Ningefanyaje? Pesa haikuniuma kama ujumbe ulioingia kesho yake kwenye kundi la familia: “Tumshukuru Mungu, ndiyo mambo ya safari.”

Mungu tumshukuru. Lakini gari kuchemsha ndiyo mambo ya safari. Bei ya kulivuta ni makubaliano ya watu wawili, na sisi tumezoea kuyafanya saa ambayo mmoja wao hawezi kukataa. Siku lilipokuwa zima, limeoshwa, limeegeshwa chini ya mwembe, nani aliuliza tukikwama tutamwita nani, atatuvuta mpaka wapi, na kwa shilingi ngapi? Hapo ndipo ninapotofautiana na nyinyi, na nitalirudia hili mpaka mnichoke: huku bei hupangwa kabla ya shida. Kwetu hupangwa shida ikiwa imeshakaa kitini.

Msidhani Waingereza wana magari yasiyoharibika. Yanazima kila siku, tena katikati ya mvua. Na sheria yao inamlazimisha mwenye gari kuwa na bima, lakini bima hiyo ya lazima haikuvuti hata hatua moja. Huduma ya kukwamuliwa barabarani hununuliwa kwa hiari, kwa ada ya mwaka, kutoka kama pauni 30 kwa ile ya chini kabisa hadi pauni 150 na zaidi kwa ile kamili. Wanailipa wenye magari mapya na wenye mikweche, wengi wao mwaka mzima hawaitumii, na sijasikia mtu akilalamika kwamba pesa yake imepotea.

Huduma hii, ambayo leo huuzwa na kampuni kama RAC na AA, mwanzo wake ulikuwa chama. RAC ilianza mwaka 1897 kama klabu ya wenye magari. AA ilianza 1905, na kazi yake ya kwanza haikuwa kuvuta gari la mtu: watu wake walipanda baiskeli kuwaonya wanachama kwamba mbele askari wamejificha wakipima mwendo, wakati ambapo ukomo ulikuwa maili 20 kwa saa. Mahakama ilipoona kuonya hivyo ni kosa, wakabuni njia nyingine. Mtu wa AA alimpigia saluti kila dereva mwenye beji ya chama, na asipopiga, mwanachama alijua asimame amuulize kulikoni. Dereva wa lori wa kwetu anayewasha taa mchana kumwonya mwenzake kuna trafiki mbele angejiona nyumbani kabisa kati ya watu hao. Leo magari ya njano ya AA na ya machungwa ya RAC yamejaa kila barabara, na mafundi wao wanabeba betri, waya na kompyuta ya kupimia injini. Mara nyingi wanalitengeneza gari lako palepale, ukaendelea na safari.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hata aliyekataa kulipa ada hawezi kukamuliwa hovyo akikwama vibaya. Hapa England polisi wakiamuru gari dogo liondolewe barabarani, nalo limesimama kwa magurudumu yake na halijapondeka, ada imeandikwa kwenye kanuni za serikali: tangu Aprili 2023 ni pauni 192, na kulihifadhi ni pauni 26 kwa siku. Ni pesa nyingi, inauma, lakini ni ileile saa nane mchana na saa nane usiku, uwe na mtoto mgonjwa ndani au uwe peke yako.

Na yale mambo yetu ya kufungua boneti na kuizunguka kundi zima, hapa kwenye barabara kuu za mwendo kasi ni marufuku hata kujaribu. Kanuni zao zinasema ukiweza toka kwa njia ya pembeni. Usipoweza, simama ukingoni kabisa, washa taa za hatari, tokeni kwa milango ya kushoto, vukeni kizuizi cha chuma cha pembeni na msubiri huko, mbali na gari. Usiguse injini hata kama unajua ni waya tu uliochomoka. Pembetatu, ambayo kwetu trafiki huiulizia kabla hata ya leseni, kwenye barabara hizo haiwekwi kamwe, kwa sababu anayetembea kuiweka ndiye atakayegongwa. Pembeni kuna simu za machungwa zinazopigwa bure, na nguzo fupi za namba kila mita 100 ili uweze kueleza ulipo. Mara yangu ya kwanza kuliona gari limekwama pale bila mtu hata mmoja kulizunguka, nilidhani limetelekezwa. Wenyewe walikuwa juu ya kilima, wamejifunika makoti, wanangoja.

Nisiwasifie kupita kiasi. Kungoja kwenyewe kunaweza kuwa saa nyingi siku ya theluji, na kampuni hizi ni za biashara. Mwaka wa kwanza wanakupa bei ya kumvutia mgeni, mwaka wa pili wanahuisha mkataba wenyewe, wanakata pesa benki, na bei imepanda huku gari ni lilelile. Maandishi yao madogo yanataka jicho. Kwa hiyo sasa nasema na vijana wetu waliomiminika huku, hasa wale wa kazi za kuwatunza wazee, ambao wiki ya pili tu wamenunua gari la miaka kumi na tano na wanazunguka nyumba kwa nyumba usiku. Mpwa wangu wa Coventry, wewe ndiye wa kwanza, sikiliza vizuri.

Kabla ya kununua chochote, tazama kama tayari unacho. Akaunti nyingine za benki za kulipia kwa mwezi zina huduma hii ndani yake, na gari jipya, au hata lililofanyiwa sevisi kwa wakala wa kampuni yake, mara nyingi huja nayo. Kuna watu wanalipa mara mbili kwa sababu ya kutofungua barua. Ukikuta huna, amua unakinga gari au unakinga mtu. Mkataba wa gari unafuata gari hilo, hata akiliendesha mwenzako. Ule wa mtu unakufuata wewe hata ukiwa umepanda gari la rafiki, na kwa nyumba yenye gari moja na madereva watatu hesabu ni tofauti na ya kijana anayeazima magari.

Halafu angalia ngazi, maana hapo ndipo wageni wanapoumia. Ngazi ya chini kwa kawaida inakusaidia ukiwa zaidi ya robo maili kutoka nyumbani, kama mita 400. Betri ikifa mlangoni kwako alfajiri, na hapo ndipo betri hufia, hawaji mpaka uwe umelipia msaada wa nyumbani. Mwenye gari la zamani asiuache msaada huo. Ngazi hiyo ya chini pia ikishindwa kulitengeneza gari, inalivuta hadi gereji ya karibu, mara nyingi si zaidi ya maili 10. Kama unakaa Coventry na kila mwezi unakwenda Glasgow kwa dada yako, lipia kuvutwa nchi nzima, ukatae ubahili. Gari la kukodi na hoteli wakati lako liko gereji ni ngazi ya juu zaidi; hiyo kijana asiye na familia anaweza kuiacha.

Soma yasiyolipiwa. Umri wa gari una kikomo kwenye mikataba mingine. Idadi ya kuitwa kwa mwaka ina kikomo. Kujaza petroli kwenye gari la dizeli, kupoteza funguo, kupata pancha bila tairi la akiba, vyote uliza kwa jina, kwa kuwa magari mengi ya siku hizi hayana tairi la akiba kabisa, yana chupa ya gundi. Uliza kama wanakuja wenyewe au wanakuambia ulipe mvutaji kisha udai. Mikataba ya kulipa kwanza na kudai baadaye ni ya bei ndogo na kwa mwenye akiba haina ubaya, lakini kijana ambaye mwisho wa mwezi ana pauni 20 benki asiiguse. Wengine hutumia mafundi wao; Green Flag kwa sehemu kubwa hutegemea gereji za maeneo, na kijijini hiyo inaweza kuwa afadhali. Linganisha bei kwenye tovuti za kulinganisha, kisha tazama bei ya kampuni yenyewe, maana nyingine ni nafuu zaidi. Usingoje gari lizime ndipo ununue. Mikataba mingi haianzi kufanya kazi papo hapo. Na mwaka ukiisha, piga simu, sema unahama. Utashangaa bei inavyoshuka.

Sasa turudi nyumbani. Msiniambie sisi hatuna utamaduni wa kulipa kabla. Tuna vyama vya kufa na kuzikana kila mtaa, mtu anachangia miaka akiwa mzima wa afya, jeneza na shuka bei yake inajulikana, na hakuna anayesema anajitabiria mabaya. Tunayajua haya. Ila tukishika usukani tunayasahau yote, tunabaki na namba ya fundi mmoja ambaye simu yake haipatikani.

Wenye bima kubwa, itoeni karatasi kabatini. Mara nyingi kuna kifungu cha gharama za kuvuta gari, lakini ni baada ya ajali, tena kwa kiwango maalumu. Kuchemsha rejeta si ajali. Muulizeni wakala wenu waziwazi: likizima tu, bila kugongwa, nani anakuja? Kama jibu ni hakuna, ulizeni kuongeza hilo ni shilingi ngapi, na mwandikiwe. Ndugu wa Kenya wana AA yao tangu 1919 inayowakwamua wanachama. Mlioko huko, fuatilieni. Na mahali ambapo hakuna cha kununua, bado mnaweza kupatana. Kabla ya safari za Desemba, mpigie mwenye brekidauni wa Chalinze, wa Morogoro, wa Iringa, ukiwa umekaa kwako. Muulize bei ya mchana na ya usiku kwa kilomita, aitume kwa ujumbe wa simu, uuhifadhi. Anayekataa kuandika bei mchana, usimpigie usiku.

Na nyinyi madereva wa malori, nawaheshimu, mnakula barabara, lakini hapa sitacheka. Lori likizima pale mlima Kitonga mnakata matawi, mnapanga mawe, mnatengeneza, mnaondoka, na mawe yanabaki katikati ya lami usiku kucha. Anayekuja nyuma na basi lenye watu sitini hayaoni mpaka ameyafikia. Tingo ana mikono miwili. Ayatoe mawe yote kabla injini haijawashwa, na mwenye lori amnunulie pembetatu mbili zinazong'aa, azikague mwenyewe gari likiwa bado yadini.