Chopa ya Kwenda Bondeni

Kwanza tulipimwa uzito, sisi na mizigo yetu, kwenye mizani ya ofisi ndogo pembeni mwa uwanja wa ndege wa Eldoret. Rubani aliandika kilo za kila abiria, akaongeza katoni za dawa tulizokuwa tunazipeleka Bonde la Kerio, akauliza joto la nje, kisha akamwambia kijana wa mafuta asijaze tangi. "Hapa tuko juu," akasema, akafunga daftari.

Uwanja huo, uliofunguliwa 1997, uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Ukivuta pumzi hapa unapata karibu nne ya tano tu ya hewa ambayo ungeipata Mombasa. Wanariadha wa dunia nzima hupanda Iten na Kaptagat kuifuata hewa hiyo nyepesi, kwa kuwa wakikaa humo wiki kadhaa damu yao huzoea na kubeba oksijeni zaidi. Injini haizoei. Ikipata hewa pungufu hutoa nguvu pungufu, na mapanga ya juu nayo hukosa hewa nzito ya kusukuma chini. Ndiyo maana begi langu la kamera lilikuwa na uzito wa maana kuliko nilivyopata kuufikiria maishani.

Chopa yenyewe ilikuwa AS350, ile ya mapanga matatu ambayo watu wa Eldoret wanaijua zaidi kwa siasa: inatua kwenye uwanja wa shule, vumbi linatimka, watoto wanakimbia, mheshimiwa anashuka akipunga mkono. Mimi hamu yangu ilikuwa kukiona kilichofichwa mgongoni mwa chopa. Fundi, mzee aliyevaa boshori kwa baridi ya asubuhi, alifungua kifuniko akaniita. "Sogea, kijana. Usiguse, tazama tu."

Injini yake, iitwayo Arriel, si kubwa. Wanaume wawili wenye nguvu wangeweza kuinyanyua. Nyuma yake kuna bomba la moshi ambalo chuma chake kimegeuka rangi, hapa samawati, pale kahawia, kwa joto la miaka. Mzee alinipitisha sehemu kwa sehemu kwa ncha ya kidole. Hewa inaingia na kukandamizwa na kompresa. Gurudumu linalozunguka kwa kasi linayarusha mafuta yakawa ukungu, moto unawaka bila kukatika, gesi inasukuma tabini. Tabini ya kwanza inairudishia kompresa nguvu, ikizunguka zaidi ya mara 50,000 kwa dakika. Ya pili haijaungwa na ya kwanza kwa chuma chochote, na ndiyo inayopeleka nguvu kwenye giaboksi, mpaka juu kabisa mapanga yanazunguka chini ya mara 400.

"Hazijaungana, sasa inazungukaje?" nikamuuliza.

"Chukua feni mbili, zitazamane. Washa moja, uone nyingine itafanya nini."

Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo.

Ukoo huu wa injini ulianza kuunguruma 1974 katika karakana za Turbomeca huko Bordes, chini ya milima ya Pyrenees, Ufaransa. Joseph Szydlowski, mzaliwa wa Poland aliyeiasisi kampuni hiyo, alihamia upande huo wa Pyrenees Wajerumani walipoivamia Ufaransa 1940. Leo inaitwa Safran Helicopter Engines. Arriel imetoka katika matoleo mengi, kwa polisi, kwa watalii, kwa wagonjwa, na AS350 ikivaa rangi ya jeshi huitwa Fennec. Tarehe 14 Mei 2005 rubani Mfaransa Didier Delsalle aliitua moja yenye Arriel 2B juu ya kilele cha Everest, mita 8,848, akakaa zaidi ya dakika tatu. Alikuwa peke yake, na visivyo vya lazima vilikuwa vimeng'olewa ndani ya ndege. Hata kule, kumbe, mambo yalianzia kwenye mizani.

Tuliondoka mapema, jua halijakaza. Sauti ilianza nyembamba, ikapanda hadi ikanijaa kifuani, tukanyanyuka kidogo, tukaning'inia hapo rubani akisoma saa za dashibodi, kisha pua ikainama tukaondoka. Mashamba ya mahindi na ngano yakapita chini, halafu Iten, na kundi la wakimbiaji kwenye barabara ya udongo mwekundu. Mara ardhi ikaisha. Ukingo wa Elgeyo unaporomoka zaidi ya mita elfu moja, na tumbo langu liliporomoka nao. Rubani hakuukaribia mwamba. Upepo unaomwagika pale, alisema, unaweza kuitaka nguvu yote uliyoweka akiba.

Abiria wa mbele alinyoosha mkono upande wa kaskazini. Huko ndiko helikopta ya jeshi aina ya Huey ilikoanguka tarehe 18 Aprili 2024, ikamuua Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, pamoja na wengine tisa, wawili waliokoka. Huey hutumia injini za ukoo mwingine, T53 za Marekani. Lakini pia ni bonde hili ambalo mwanzoni mwa Novemba 2025, mlima ulipoporomokea Chesongoch na barabara zikakatika, majeruhi walitolewa kwa helikopta na kuletwa Eldoret. Safari za namna hiyo ndizo ninazotaka watoto wetu wazikumbuke wakisikia mlio angani, na nasema hivyo bila kumwonea mwanasiasa yeyote.

Tulitua karibu na zahanati chini ya nusu saa baada ya kuondoka. Kufikia saa sita joto lilikuwa nyuzi 33. Bonde liko chini, naam, lakini joto hilo huipanua hewa ikawa kama ya mita elfu mbili juu. Na kulikuwa na mama kwenye machela, uchungu umemkamata tangu usiku bila mtoto kutoka, anahitaji upasuaji. Machela inakula viti vya upande mzima. Rubani alitoa daftari, akapiga hesabu upya, akamtazama daktari, kisha wote wawili wakanitazama mimi.

"Samahani, ndugu yangu," daktari akasema.

Niliteremsha begi langu. Muuguzi akapanda na mama, mlango ukafungwa, na mimi nikatafuta gari la Probox la kwenda Biretwo, ambako ningepata gari la kupanda Iten. Tulijazana, tukasimama Arror kubadilisha tairi, na hapo ndipo muuguzi alipopiga simu. Walikuwa wameshafika hospitali Eldoret, na mama alikuwa ndani ya chumba cha upasuaji. Sisi tulikuwa bado hatujauanza mlima.