Siku ya Mvua na Baiskeli Mbili

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Juma hili hatutaeleza hukumu za swaumu wala za mirathi. Tumeona bora tuwasimulie siku moja katika maisha yetu, mke na mume, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na somo ambalo mwandishi alikuwa akilisomesha miaka mingi bila ya yeye mwenyewe kulisoma.

Sisi ni watu wa Pwani tulioletwa na kazi ya kusomesha hadi Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni. Waislamu huku ni wachache, na majirani zetu wengi ni Wakamba wa dini ya Kikristo, ambao hatujaona kwao ila wema. Mwaka wa pili wa kukaa kwetu, mama wa nyumba alipatikana na maradhi ya sukari. Daktari alimwagiza ashike dawa, apunguze wanga, na autumikishe mwili wake kila siku. Akaja na rai yake: "Sheikh, mimi baiskeli naijua tangu utoto, niliiendesha uani kwa babu. Tutafute mbili, tuwe tukitoka pamoja."

Mwandishi alikataa. Hakukataa kwa dalili ya sheria, maana hakuwa nayo. Alikataa kwa kuogopa maneno ya watu. Na huyu ndiye aliyekuwa akiwasimulia wanafunzi wake kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.), akashindwa naye mara ya kwanza, kisha akamshinda baada ya miaka kupita. Hadithi ilikuwa ulimini, haijashuka miguuni. Haya yetu iliondoka siku mama alipozidiwa hata akalazwa. Aliporudi nyumbani, baiskeli mbili zilikuwa zimeegemezwa ukutani, moja yake ya kike, isiyo na chuma cha kati.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba, baada ya swala ya Alfajiri, tulitoka. Mama alivaa suruali pana chini ya buibui, akaukunja upindo na kuukaza kwa pini usije ukanaswa na cheni. Tuliifuata barabara ya Kathonzweni, ile inayoteremka hadi Makindu, kisha tukaingia njia ya udongo baina ya mashamba. Miembe ilikuwa imeinama kwa matunda, na miongoni mwake tuliona ngowe, embe letu la Pwani, tukafurahi kama waliokutana na jamaa ugenini. Tulivuka mto wa mchanga kwa miguu, tukizisukuma baiskeli. Haukuwa na tone la maji juu yake. Mito mingi ya Ukambani ndivyo ilivyo: maji hujificha chini ya mchanga, na wakati wa kiangazi wanawake huchimba visima humo humo ndani ya mto. Wenyeji hujenga kuta za mawe na saruji kuukatiza mto, mchanga ukajaa nyuma ya ukuta na kuyahifadhi maji yasinyonywe na jua.

Mvua ilitukuta mbele kidogo. Ilianza kwa manyunyu, kisha ikamwagika. Mtume (S.A.W.) alikuwa akifunua sehemu ya nguo yake ili mvua impate, kwa kuwa imetoka karibuni kwa Mola wake, sisi hatukuwa na haja ya kufunua kitu, ilitupata tulipo. Magurudumu yalishika tope hata yakakataa kuzunguka. Mama akacheka, kicheko ambacho mwandishi hakukisikia tangu siku ya daktari.

Bibi mmoja mzee alituita kutoka jikoni kwake. Alitupa nafasi kando ya moto na muthokoi wa moto kwenye sahani moja. Mama alikula kiasi chake, akieleza kwa adabu sababu yake, na bibi akaitikia kwamba hata yeye anayo sukari hiyo hiyo. Wakazungumza juu ya dawa na miguu kufa ganzi kama ndugu wa tumbo moja. Adhuhuri ilipoingia bibi alitufagilia ghala, tukaswali rakaa nne kamili, kwa kuwa safari yetu haikufikia masafa ya kupunguza swala.

Mvua ilipokatika tulishika njia ya kurudi. Tulipofika mtoni, mchanga hatukuuona tena. Maji mekundu yalikuwa yakipita kwa kishindo, na hali juu yetu jua limetoka. Mvua ya vilimani ndiyo iliyoshuka. Mwandishi alikuwa na darasa baada ya Magharibi, na hakuwahi kulikosa. Alipima kwa macho, akasema maji hayazidi magoti, akapandisha kanzu.

Mama aliilaza baiskeli yake chini, akaketi juu ya jiwe. Akasema, "Sheikh, mimi sivuki. Na wewe huvuki. Umesahau Enziu?"

Hatukuwa tumesahau. Tarehe 4 Disemba 2021, katika mto Enziu karibu na Mwingi, kaunti jirani ya Kitui, basi lililobeba watu waendao harusini lilijaribu kuvuka maji yakiwa juu ya daraja. Mto ukalichukua, na watu zaidi ya 30 wakafa. Hata hivyo mwandishi alikasirika. Alisema maneno ambayo hatuyaandiki hapa, kuhusu wanawake na hofu zao. Mama hakujibu. Alikaa pale pale juu ya jiwe.

Haukupita muda mrefu, gogo la mti, mizizi yake ingali na majani ya mahindi, lilipita mahali pale pale ambapo mwandishi alikusudia kutia mguu. Lilipita kwa kasi ya gari. Sote wawili tuliliangalia hadi lilipopotea, na hakuna aliyesema neno.

Tulirudi kwa bibi, tukalala huko. Darasa lilisimamiwa na mwanafunzi mkubwa, na tuliambiwa lilikuwa zuri.

Usiku ule mwandishi aliomba radhi. Alimkumbuka Bi Umm Salama (R.A.) katika mwaka wa 6 wa Hijra, pale Hudaybiya. Masahaba kwa huzuni yao walisita kuchinja na kunyoa, na Mtume (S.A.W.) akaingia hemani kwa mkewe. Bi Umm Salama alimshauri atoke, asiseme na mtu, achinje na kunyoa mwenyewe. Akafanya hivyo, na watu wakamfuata. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu alisikiliza rai ya mkewe katika jambo la umma mzima, sisi ni nani hata tusisikilize kwenye ukingo wa mto?

Enyi akina baba, wake zetu tumeamrishwa kuishi nao kwa wema, na sehemu ya wema ni kuwasikiliza kabla gogo halijapita. Nanyi akina mama, mkiona hatari msione haya kuketi juu ya jiwe.

Baiskeli zingalipo, na Jumamosi tunatoka. Watu walisema siku chache, kisha wakachoka.

Wabillahi tawfiq.