Kufungua Uzi

Kuchonga upinde ni kazi ya kupunguza tu. Ukishatoa, hakuna kurudisha. Ndiyo maana Mjomba, kule Kibwezi, hana haraka. Kijiti cha mkole alikianika kivulini miezi mitano, ncha zimepakwa rangi ya mafuta zisipasuke. Mimi wa Nairobi, niliyezoea kuagiza asubuhi na kuletewa kabla ya lanchi, hiyo miezi mitano ilinichosha hata kabla ya kushika kisu.

Kikikauka anaanza na panga, kisha kisu, kisha tupa. Msasa mwisho kabisa. Upande wa nje, anaouita mgongo, haukati. Anabambua gamba basi. Upinde ukivutwa, mgongo ndio unaonyooshwa, na nyuzi za mti zikikatwa hapo utapasuka. Kisu kinakula tumbo tu, ule upande unaomtazama mpigaji.

Halafu inakuja kazi yenyewe. Upinde una mikono miwili, wa juu na wa chini, na lazima ipinde sawa. Mjomba anafunga uzi, anavuta kidogo, anaangalia. Mkono mmoja ukikataa kupinda, anaukwaruza huo huo mgumu, mara kumi hivi, anavuta tena. Ule uliolegea hauguswi.

"Usimwongezee aliyechoka," aliniambia.

Mama hataki kusikia habari hizi. Januari 2008 tulitoroka Bonde la Ufa usiku, na alichobaki nacho ni mlio wa mishale ikigonga mabati. Mimi nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka blanketi tu. Nikimwambia upinde ni urithi wetu Wakamba, ananitazama kama mtu anayeongea na mtoto wa jirani.

Na si yeye peke yake aliyegeuziwa maana ya kitu hiki. Jirani zetu Wawaata walikuwa wakiwinda ndovu kwa upinde katika nchi ya Tsavo. Mwaka 1948 sehemu hiyo ikafanywa mbuga ya taifa, na 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji nchini kote. Upinde uliolisha boma ukawa ushahidi kortini.

Mjomba akimaliza kazi hufungua uzi. Upinde ukiachwa umefungwa usiku kucha, mti huzoea mkunjo na nguvu huisha.

Krismasi iliyopita Mama alikuja, akauona umeegemezwa nyuma ya mlango. Alisimama pale pale na mkoba begani.

"Umefunguliwa?"

"Umefunguliwa, dada."

"Utoe hata hivyo."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, juu ya utamaduni na kusonga mbele. Mjomba hakusema hata moja. Aliuchukua akaupeleka kwa banda la mbuzi, akarudi akamvutia Mama kiti. Chai ilikuwa tayari.