Maji ya Sumbawanga

Maharage ya Ufipa hayana haraka. Mama zetu huyaloweka jioni, wakayabandika asubuhi, na bado jua la mchana likawakuta wanachochea kuni. Sisi tuliokulia huku tulidhani hiyo ndiyo tabia ya maharage. Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka zaidi ya thelathini, na sayansi ilikuwa mojawapo ya masomo yangu, lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini iwe hivyo. Aliyenifanya nijiulize ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, naye wala hakukusudia.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2021. Binti alikuwa jikoni, mtoto wake wa miezi michache amelala mgongoni, sufuria ya maji inachemka mbele yake, na mkononi ameshika kipimajoto cha kioo nilichoazima kwa mwalimu mmoja rafiki yangu. Kwenye kiti palikuwa na simu. Alikuwa amemaliza kusikiliza humo somo la fizikia juu ya kuchemka kwa vitu. Nilichungulia daftari lake. Alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: maji yamechemka kwa nyuzi 100. Nikainama nikasoma kipimajoto. Kilikuwa kwenye 94.

"Mbona hapa kinasema vingine?" nikamwuliza.

"Kibovu hicho, mjomba," akanijibu bila kuinua macho. "Mwalimu wa kwenye simu kasema mia."

Ndugu msomaji, sikumcheka. Nilijiona mimi mwenyewe katika jibu lile, na ili unielewe yanipasa nirudi nyuma kidogo.

Shule zote nchini zilifungwa mwezi Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na zilipofunguliwa tena mwishoni mwa Juni, mpwa wangu hakurudi. Alikuwa mjamzito, yupo kidato cha pili. Kwa kanuni za wakati huo msichana wa namna hiyo aliweza kufukuzwa shule, na wengi hawakungoja kufukuzwa. Walibaki nyumbani kwa aibu. Dada yangu alilia, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya zaidi. Akamleta kwangu mjini Sumbawanga, akaniambia, "Wewe ni mwalimu. Mtazame." Hakusema nimfundishe. Nadhani alikuwa amekwisha kata tamaa ya hilo.

Binti mwenyewe hakukata tamaa. Wakati shule zimefungwa alikuwa amefuata vipindi vya masomo vilivyotolewa redioni na kwenye televisheni, na alipozoea akaendelea kutafuta masomo kwenye simu. Kwa fedha za bando la wiki aliweza kupata mwalimu wa kemia, wa fizikia na wa biolojia, wote wakiongea kwa utulivu, wakiandika ubaoni, na wakikubali kurudia maneno yao hata mara kumi. Mwalimu gani wa darasa la watoto themanini angeweza hayo? Nilimwonea wivu, kwa maana mimi pia nilijisomea nyumbani, ila mwalimu wangu mimi alikuwa bahasha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa mwalimu kijana mwenye elimu ya darasa la saba na mafunzo ya ualimu, nikitamani cheti cha kidato cha nne. Nikajiandikisha katika elimu kwa njia ya posta, iliyokuwa ikiendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Vijitabu vilikuja kwa basi kutoka Mbeya, na siku hizo barabara ya Tunduma ilikuwa vumbi kiangazi na matope masika. Nilisomea taa ya chemli. Nilijibu maswali, nikatuma, nikangoja. Wakati mwingine masahihisho yalirudi wakati nimekwisha sahau swali.

Kemia niliipenda kuliko masomo yote, nami sikuwahi kuigusa. Mtahiniwa wa kujitegemea wa wakati huo hakuingizwa maabara. Alipewa karatasi mbadala ya vitendo, akaandika kwa kalamu kile ambacho kingetokea kama angefanya jaribio. Basi nikakariri. Nilijua ni chumvi gani huleta mashapo ya buluu na ipi huleta ya kijani, nami sikuwa nimeona buluu hiyo wala kijani hicho. Nikafaulu. Nilipopata cheti nilichinja jogoo.

Miaka michache baadaye nilihudhuria semina ya walimu wa sayansi. Mwezeshaji akauliza nani amesoma kemia ya sekondari, nikanyosha mkono kwa fahari. Akaniita mbele, akanipa mrija mwembamba wa kioo wa kupimia, akaniambia nivute asidi hadi kwenye alama. Sikujua niushike wapi. Nikaubana kama mtu anayebana kuku asikimbie, ukavunjika, na chumba kizima kikaangua kicheko. Hakuna aliyenionea, ni kweli nilikuwa sijui. Lakini tangu siku ile, kila nilipokitazama cheti changu, nilijisikia kama mtu aliyeoa kwa barua na hajamwona mkewe.

Ndiyo maana nilipoona mpwa wangu anaandika mabadiliko ya rangi kwa kumtazama mtu mwingine akiyafanya kwenye kioo cha simu, moyo ulinishtuka. Simu ilikuwa imempa maneno haraka kuliko bahasha ilivyonipa mimi, lakini mikono yake ilikuwa mitupu kama yangu. Nikaamua jiko liwe maabara yetu.

Si kwamba nilibuni jambo jipya. Walimu wa sayansi wa Tanzania, pamoja na wale wa kujitolea wa Peace Corps, wamekwisha andaa miongozo ya majaribio kwa vitu vya mtaani, na mmoja wa miongozo hiyo umeitwa kwa Kiswahili kizuri: Shika na Mikono. Basi tukashika. Kwenye duka la dawa tulinunua mabomba ya sindano yasiyo na sindano, yakawa vipimio vyetu vya ujazo. Tulinunua pia iodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda. Tukaidondosha kwenye ugali ikawa nyeusi ya buluu, tukaidondosha kwenye yai ikabaki na rangi yake, na binti akajua wanga uko wapi na hauko wapi. Sokoni tulipata choya iliyokaushwa. Maji yake mekundu tuliyagawa vikombe viwili: cha ndimu kikazidi wekundu, cha maji ya majivu kikageuka kijani. Vipande vya kiazi mviringo vilivyolazwa kwenye maji ya chumvi vililegea kama ulimi, na vile vya maji matupu vikakakamaa. Mimi mzee nilifurahi kuliko yeye. Nilikuwa nimengoja karibu miaka thelathini kuona rangi zile.

Sasa rudi nami kwenye sufuria yetu. Binti amesema kipimajoto ni kibovu. Nikamwambia, "Haya, tukishtaki. Lakini mshtakiwa naye asikilizwe." Akafikiri, akakumbuka kwamba barafu inayoyeyuka inapaswa kusoma sifuri. Akakimbia kwa mama anayeuza juisi, akarudi na barafu kwenye mfuko wa plastiki. Tukaiponda, tukatumbukiza kipimajoto, tukangoja. Kikashuka taratibu hadi sifuri, kikatulia hapo. Tukakirudisha kwenye maji yanayochemka. Kikapanda hadi 94, kikatulia. Tukaongeza kuni mpaka maji yakaruka nje ya sufuria; hakikupanda tena.

"Basi ni maji yetu ndiyo mabovu," akasema, na safari hii alikuwa anacheka.

Jioni alitafuta kwenye simu, akapata. Maji huchemka pale ambapo mvuke wake unapata nguvu ya kuishinda kanieneo ya hewa inayoyakandamiza kutoka juu. Pwani, usawa wa bahari, hewa ni nzito, na maji sharti yafike nyuzi 100. Kadiri unavyopanda, hewa iliyo juu yako inapungua. Kwa makadirio, kila meta 300 hupunguza nyuzi moja. Sumbawanga iko kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Piga hesabu mwenyewe, msomaji: sita kutoka mia. Kipimajoto kilisema kweli tangu mwanzo. Na maharage yetu, maskini, hayana tabia mbaya. Yanapikwa kwa maji yasiyo na moto wa kutosha, nayo yanalipia kwa muda.

Mwalimu wa kwenye simu naye hakusema uongo. Alisema ukweli wa mahali alipokuwa.

Lakini hapo ndipo lilipokuja swali lililoninyima usingizi. Binti alishika kalamu akauliza, "Sasa mjomba, daftarini niandike ipi?" Nami, mwalimu wa miaka yote hiyo, nikamjibu upesi: "Mtihani ukiuliza, andika mia." Alinitazama kwa muda. Akasema polepole, "Mtihani haujauliza. Mimi ndiye niliyepima."

Nililala nikilitafakari jibu hilo. Binti huyu alikuwa ameambiwa na kila mtu yeye ni nani: kanisani, mtaani, hata na jamaa. Alikuwa amezoea kuamini kwamba likiwepo kosa, lipo kwake. Ndiyo maana aliposoma 94 aliandika 100, kama mimi nilivyoandika buluu nisiyoiona. Nilidhani namfundisha kushika vyombo, kumbe lililokuwa gumu kwake ni kusimama na alichokiona kwa macho yake, baada ya kukikagua, hata kama aliyesema vingine ni mwalimu. Asubuhi nilimwomba radhi. Nikamwambia aandike 94, na chini yake aandike mahali, tarehe, na jinsi tulivyokikagua kipimajoto. Kisha aandike kwamba usawa wa bahari ni 100. Yote mawili ni kweli, na anayejua yote mawili hatatishwa na mtihani.

Mwaka ule ule alifika kwenye somo la kupata chuma kutoka kwenye mawe yake. Simu ilimwonyesha tanuri kubwa la Ulaya, lenye mabomba na ngazi. Nikamchukua Jumamosi moja kwenda kijijini kumwonyesha mabaki ya ilungu. Wafipa wa zamani walijenga malungu ya udongo, marefu kumpita mtu, mengine yakifika kama meta tatu, yenye matundu chini ya kuingizia mirija ya udongo. Hawakuvukuta, tanuri lenyewe kwa urefu wake lilivuta hewa, makaa yakawaka, na hewa ya makaa ikaondoa oksijeni kwenye mawe, chuma kikabaki. Kisha walikisafisha katika tanuri dogo, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20, majembe ya dukani yaliposhinda. Binti aliuzunguka ukuta uliobomoka, akaingiza mkono kwenye tundu, akasema, "Ni somo lile lile." Ndivyo. Kemia ni ile ile, na waliolijenga hawakukariri kutoka kwa mtu aliyeko mbali; walipima kwa macho na mikono, wakakosea, wakarudia.

Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi. Dada yangu alinipigia simu, akashindwa kuongea. Kabla shule hazijafunguliwa mwezi Januari, binti alikwenda kumtembelea shangazi yake Kasanga, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, huko bondeni kunako joto. Alifunga kipimajoto kwenye khanga za mtoto. Kabla hajapanda gari alifanya hesabu kwenye karatasi, akaikunja, akanikabidhi, akaniambia nisiifungue mpaka anitumie ujumbe.

Siku ya pili jioni simu yangu ikalia. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Mjomba, 97. Na maharage ya shangazi yameiva mapema." Nikafungua karatasi. Ziwa liko meta 773, alikuwa ameandika, kwa hiyo nyuzi zitapungua mbili na nusu hivi. Nategemea 97 au zaidi kidogo.

Alirudi darasani mwaka 2022, akakaa na wadogo zake kwa umri, na mtoto akabaki kwangu mchana. Haikuwa rahisi, wala sitasema ilikuwa rahisi. Wapo waliomnong'ona mpaka wakachoka. Masomo ya kwenye simu aliendelea nayo usiku, nami siyadharau hata kidogo. Bila hayo angekuwa amesahau kila kitu. Ila najua kwamba siku alipoingia maabara ya kweli na kukabidhiwa mrija wa kioo, hakuubana kama kuku.

Kipimajoto nilikirudisha kwa mwenyewe. Daftari lipo kwangu, na katika ukurasa ule wa kwanza 100 imekatwa kwa mstari mmoja mwembamba, bado inasomeka, na pembeni yake imeandikwa 94, Sumbawanga.