Swali Lisiloulizika Ofisini

Nilistaafu utafiti wa afya nikiwa nimeongoza miradi mingi, lakini kazi ninayoithamini kuliko zote ni kuwalea kwa njia ya mtandao vijana waliopata ruzuku yao ya kwanza.

Shahada ya uzamivu humfunza mtu kuuliza swali la kisayansi na kulitafutia jibu. Akishaitwa mtafiti mkuu, anatakiwa pia kuajiri wadodosaji, kuidhinisha masurufu, kusimamia manunuzi na kumtolea mfadhili hesabu. Hayo hakuna aliyemfundisha.

Mwaka 2007 shirika la INASP la Uingereza lilianzisha AuthorAID, mtandao unaowaunganisha watafiti wa nchi zinazoendelea na wazoefu wa kuwasaidia kuandika makala. Niliamini kwamba uongozi wa miradi nao unaweza kulelewa kwa njia hiyo.

Mazungumzo yetu ya mwanzo yalihusu kalenda. Tanzania, utafiti wa afya hauanzi bila kibali cha maadili, na majaribio ya dawa yanahitaji pia idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Muda wa ruzuku hausubiri vibali. Kwa hiyo niliwahimiza waandae hojaji na fomu za ridhaa za Kiswahili mapema, na wakiona muda hautoshi, waombe nyongeza kabla mkataba haujaisha.

Kisha bajeti. Ruzuku za NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, kwa kawaida zimezipa taasisi za nje asilimia 8 tu kwa gharama za uendeshaji. Anayesahau kuweka mshahara wa mhasibu wa mradi pale kanuni zinaporuhusu, atajikuta akikesha na stakabadhi mwenyewe.

Lakini maswali mazito yalikuja baada ya kalenda na bajeti. Jioni moja binti mmoja alinipigia. "Shikamoo Profesa. Mkuu wangu anataka gari la mradi kwa safari za idara. Nikimkatalia, nitaishi naye vipi?"

Tulifungua mkataba, tukasoma kifungu cha mali za mradi. Nikamshauri aandike utaratibu wa matumizi ya gari, wenye daftari la safari na saini ya ofisi ya ruzuku, kisha aupeleke kwa mkuu wake kwa adabu. Jibu likatoka kwenye utaratibu. Gari likabaki mradini, na wawili wale wakaendelea kufanya kazi pamoja.

Swali lile asingeweza kumuuliza mtu yeyote ofisini kwake. Mimi sikuwa nampandisha cheo wala kumwekea saini likizo, ndiyo maana aliniambia ukweli wote. Umbali, ambao wengi huuona kasoro ya ulezi wa mtandaoni, ndio uliomfungua kinywa.

Vyuo vyetu humpandisha mtu cheo kwa machapisho na fedha alizoleta. Naomba vihesabu pia saa anazotumia kumlea mtafiti wa chuo kingine, kwa sababu ruzuku nyingi huokolewa na swali lililoulizwa mapema kwa mtu asiyeogopwa.