Springi za Valvu na Ukaidi wa Loki

Katika umri wangu wa ufundi, ambao sehemu yake kubwa niliumaliza Tanga, katika gereji iliyohudumia magari ya mashamba ya mkonge, sikuona kazi iliyowatahayarisha wenye misuli kama kuzitoa springi za valvu katika injini iliyochakaa. Mwanagenzi hudhani kwamba penye springi panatakiwa nguvu, basi hukikaza kibano mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, ilhali springi yenyewe haina ukaidi wowote. Mkaidi ni loki, yaani vile vipande viwili vya chuma, vyembamba chini na vinene juu, vinavyoikumbatia shingo ya valvu ndani ya kikombe cha springi, na ambavyo kadiri springi inavyokisukuma kikombe juu ndivyo vinavyozidi kujikaza, mithili ya kabari katika mpini wa shoka. Na injini ikiwa imetumika miaka mingi bila ya kubadilishwa mafuta ila kwa nadra, utando wa mafuta yaliyoungua hujaa baina yao, kikombe na loki vikawa kitu kimoja.

Fundi wetu mkuu, Singasinga mwenye maneno machache, alikuwa akimwacha kijana ahangaike kitambo, kisha humwambia, “Legeza, kijana.” Kibano kikiisha kuondolewa, huilaza hedi juu ya meza, akaweka kipande cha mbao chini ya uso wa valvu ili isipate kushuka, akatwaa bomba fupi linaloenea ukingoni mwa kikombe pasipo kuigusa ncha ya valvu, akalipiga nyundo pigo moja la ghafula, wala si la hasira. Kikombe hushuka kiasi cha unywele tu, na ule utando mweusi ukaonekana umepasuka kuzizunguka loki. Hapo kibano kikirudishwa, springi huinama bila ya ubishi. Maana kibano kikikazwa polepole, nguvu zake nyingi huishia kuupinda mwili wake chenyewe, walakini pigo huufikia ule mshikamano mara moja.

Zilizotuchosha kupita zote ni Land Rover za awali, zilizoanza kuundwa mwaka 1948, ambazo valvu zake za kuingizia zilikuwa juu katika hedi, na za kutolea moshi zilikuwa ubavuni, ndani ya bloki, mahali ambapo mkono wa mtu mzima huingia kwa shida. Sharti kwanza tuyazibe kwa matambara matundu ya mafuta, kwa kuwa loki ikiponyoka hapo huteremka mpaka chini ya injini, na asubuhi nzima ikapotea kwa kuitafuta. Ilipokuja, mwaka 1958, injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2286, yenye valvu zake zote 8 juu, tulimhimidi Mungu.

Hizo za juu zina faida nyingine: springi ikivunjika shambani, si lazima hedi ifunguliwe. Plagi hutolewa, kamba laini ikaingizwa katika silinda, na injini ikazungushwa kwa mkono mpaka pistoni iigandamize kamba chini ya valvu, zisiweze kuanguka. Twalikuwa tumezungukwa na mkonge pande zote, na hata hivyo kamba yetu ilikuwa ya pamba, kwani ya mkonge hunyonyoka nyuzi zikabaki ndani.

Loki zikiisha kutoka, aghalabu vijana huichomoa valvu kwa pupa. Hasha! Ncha iliyopondeka kwa kupigwa na roka hufanya ukingo mkali, nao sharti uondolewe kwa tupa kwanza, ama sivyo utaikwaruza njia yake yote wakati wa kupita. Wewe mwenye gari, basi, ukipita gerejini ukakuta valvu zako zimerundikwa pamoja katika sinia la mafuta ya taa, badala ya kuchomekwa kwa zamu katika ubao uliotobolewa, kila moja na springi yake na loki zake, mwombe fundi kwa adabu akurudishie gari lako, ukatafute mwingine.